Chumba Juu ya Njia

Mama anayeshona nguo kwenye kibaraza cha nyumba ya bati la kijani alijenga pale kwa sababu moja tu: palikuwa mwisho. Alikuwa amepanga katikati ya mji kwa miaka, kwenye nyumba ambayo ukikohoa chumba cha mbele wanakupa pole chumba cha nyuma. Mumewe alipofariki akasema sasa anataka kimya. Akanunua kiwanja pembeni kabisa, mahali ambapo lori la mchanga likishamwaga lilitoka kwa kurudi kinyumenyume, kwa kuwa mbele hapakuwa na barabara wala nyumba, ni vichaka na kilima. Binti yake alikuwa bado ananyonya. Cherehani ikawekwa kibarazani, ikaelekezwa kilimani, na mwanamke akashona akitazama majani.

Kimya chenyewe hakikumaliza mwaka.

Alikuja kwanza mtu na mkewe wakajenga nyuma yake. Kisha shemeji yake mtu yule. Kisha watu ambao si shemeji wa mtu, waliochoshwa na kodi za mjini kama alivyochoka yeye. Kilima kikauzwa mapande mapande. Kila muuzaji alipima kipande chake mpaka kikagusa cha mwenzake, na hakuna aliyekumbuka kuacha njia. Kushuka kituo cha basi, watu wa juu wakabaki na mambo mawili: kuzunguka kwa mtaro mkubwa, ambao wakati wa mvua haukufaa hata bata, au kukatiza uani kwa mshonaji.

Yule jirani wa kwanza ndiye aliyekuja kuomba, jioni, kofia mkononi.

"Pita tu, baba," akajibiwa. "Ila piga hodi. Nisije nikashtuka nikajishona kidole."

Desturi ikaanzia hapo. Sisi wa kilimani tukiingia uani kwa Fundi, tunasema hodi. Yeye, bila kuinua kichwa, anasema, "Pita." Unapita kati ya ukuta wa chumba chake cha kulala na karo la kufulia, unatokea upande wa pili, umefika barabarani. Wageni waliohamia juzi wanafundishwa na waliohamia jana. Watoto wetu wamejua kusema hodi kwa Fundi kabla hawajajua kuhesabu.

Na kwa kuwa kiti chake ni kifupi, macho yake yako sawa na pindo zetu. Unapita umejiamini, umepaka mafuta, umechelewa kazini, unasikia: "Wewe! Wewe wa sketi ya bluu! Upindo umefumuka, rudi hapa." Unarudi. Unasimama mguu mmoja mbele kama mtoto wa shule, anakupiga mishono mitatu minne ya haraka, anakata uzi kwa meno. "Haya, nenda sasa ukaajiriwe." Hakuna aliyewahi kulipia mishono ile. Tulipotaka suti na sare na nguo za harusi, tulijua pa kwenda, na kwa hilo alimlea binti yake mpaka akamaliza shule.

Kilima kikajaa. Shule ikaanza kuingiza wanafunzi kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana. Nguzo za umeme zikapanda, maduka yakafuata nguzo. Kituo cha basi hakikuwa na jina, makondakta wakaanza kuita "Kwa Fundi! Kwa Fundi wanashuka?" na siku kibao cha chuma kilipokuja, kilikuja kimeandikwa hivyo hivyo. Aliyetaka kukaa mwisho akajikuta yuko katikati. Akiulizwa haoni kero, husema, "Kero gani? Nimeletewa mji mpaka mlangoni, nauli sikulipa."

Aliyeona kero ni binti yake.

Huyo alikulia njiani, kwa maana halisi. Alioga kwenye beseni mbele ya watu wanaokwenda kazini. Alifanya hesabu za shule mezani kwenye kivuli, na kila mpitaji akatia jibu lake, mengi yakiwa ya makosa. Akigombezwa na mama yake, mtaa mzima ulijua kabla ya chai. Alipovunja ungo, kuna mama asiyemjua jina aliyempongeza. Shuleni wakambandika: mtoto wa njiani. Aliyeanzisha jina lile hakumaanisha ubaya, labda, lakini msichana alilibeba kama jiwe kwenye kiatu. Alipoolewa akahamia mjini, kwenye chumba na sebule ghorofani, na mtu alipomuuliza amependa nini kule, alisema, "Mlango."

Sasa ule mlango ulikuwa unamponyoka. Mwenye nyumba alitangaza kwamba anabomoa ili ajenge jengo refu zaidi, wapangaji wote watoke kabla ya mvua kubwa. Kila mahali walipouliza, kodi ilikuwa imepanda mbele yao. Mumewe, dereva wa lori la vinywaji, alikuwa safarini nusu ya mwezi. Walikuwa na msichana mdogo, na tumbo la pili lilikuwa limeshaanza kumtangulia kuingia chumbani. Mama yake akampigia simu akasema neno moja, "Rudini," na binti akajibu, "Tukirudi, mama, nataka vyumba viwili, na nataka ufunge njia."

"Nitafunga," mama akasema.

Alisema kweli. Matofali ya vyumba viwili alikuwa ameshayakusanya kidogo kidogo na kuyapanga nyuma ya choo. Lakini palibaki mahali pamoja tu pa kujenga, kati ya ukuta wa chumba chake na ukuta wa jirani. Palepale tunapopita.

Mdogo wake wa kiume, mwashi mrefu mkavu ambaye mtaa umemwita Timazi, kwa jina la kipimo cha waashi, tangu alipoanza kunyoosha kuta za watu, akaja mchana na vigingi na kamba. Akapiga vigingi vinne, akavuta kamba, akarudi nyuma kutazama.

"Dada, una hakika?"

"Nina mjukuu anakuja. Hakika gani tena unataka?"

"Mimi nauliza tu. Nisije nikachimba msingi halafu nikapigwa mawe na kilima kizima."

"Chimba kesho. Wakipiga mawe, tutayatumia kwenye msingi."

Asubuhi iliyofuata Fundi alikuwa na sare za shule za kumaliza, kichwa chini, mguu kwenye pedeli. Watu wakaanza kushuka.

"Hodi Fundi."

"Pita."

"Hodi Fundi, ahsante sana."

"Pita."

"Hodi mama. Kwa kweli Mungu akubariki."

"Pita."

Ilichukua muda, na sare kadhaa, kabla sikio lake halijashtuka. Akasimamisha gurudumu kwa kiganja. Aliyekuwa anapita wakati huo ni muuguzi wa zahanati, kanga begani, viatu vya kazini mkononi.

"Wewe, hebu simama. Unanishukuru nini?"

"Si hii njia, mama! Mnavyoipanua. Jana watu wote wa juu hawana habari nyingine. Tumesema afadhali umeamua, maana saa hizi tunapitana kwa kusukumana mabega."

Fundi akageuka kutazama kamba za Timazi. Hazikuwa pale zilipoachwa. Vigingi viwili vilikuwa vimehamishwa, vimepigwa imara karibu kabisa na ukuta wake, na kamba imefungwa upya, imenyooka, nzuri, ikionyesha njia pana ambayo uani kwake haikuwahi kuwapo.

Timazi alipofika na sururu begani, alitukana kuta, akatukana kamba, akatukana jua. "Nani kachezea vipimo vyangu? Nani?"

"Mimi," ikajibu sauti kutoka nyuma ya mlima wa plastiki. Alikuwa muuza vyombo tunayemwita Beseni, ambaye kila asubuhi hushuka na mabeseni kichwani, ndoo kwenye mabega na majagi yakining'inia ubavuni, mpaka anayeonekana ni mabeseni yenyewe yenye miguu. "Niliona umekosea, mjomba. Ulivyopima, mimi nisingepita. Nikakusogezea. Na fundo nimefunga imara kuliko lako."

"Nilikuwa nimekosea?"

"Kidogo tu. Usijali, kila mtu hukosea."

Timazi akamtazama dada yake, macho yakisema: mwambie wewe.

Ilikuwa zamu ya Fundi kusema. Watu walikuwa wamesimama mbele na nyuma ya Beseni, maana akisimama yeye wote wanasimama, na nyuso zote zilikuwa na furaha ya asubuhi, furaha ya watu wanaodhani wametendewa jambo jema. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameziona zile kamba akawaza kwamba zinaweza kuwa ukuta. Haikuwaingia akilini. Kwa miaka yote ile hawakuwahi kuiona nyumba yake ikifungwa.

Fundi akavuta futikamba shingoni.

"Beseni, sogea hapa. Usishushe kitu."

"Kuna nini, mama?"

"Nakupima."

Akapanda kwenye kiti chake kifupi, akapima kutoka ardhini mpaka beseni la juu kabisa, lile jekundu. Akashuka, akapima upana kutoka ndoo ya kushoto mpaka jagi la kulia. Watu wakaanza kucheka.

"Fundi, unamshonea koti?"

"Namshonea lango."

"Basi pima na mimi, nina nyonga!" akasema mama mmoja, na akapimwa, na nyonga zake zikatangazwa hadharani akashangilia mwenyewe. Kisha babu mmoja mstaafu, mwenye fimbo na ulimi mkali, akasema, "Na mimi mkumbuke. Siku nitakayotoka kule juu sitatembea, nitabebwa, na watu wanne hawapiti penye upana wa mtu mmoja."

Vicheko vikapungua kidogo. Fundi akamwangalia babu yule, akaongeza kiganja kimoja kwenye kipimo.

Walipotawanyika, akamwambia mdogo wake: "Tunajenga juu."

"Juu ya nini?"

"Juu ya njia. Wao wapite chini, mwanangu alale juu."

Timazi akaketi kwenye rundo la matofali. Alimweleza polepole, kama mtu anayemwambia mgonjwa. Juu kunataka nguzo. Kunataka zege na nondo. Matofali aliyonayo na mifuko ya saruji aliyonayo vinatosha vyumba viwili vya chini, au chumba kimoja cha juu. Kimoja, dada. Si viwili.

"Kikubwa?"

"Kikubwa. Lakini ni kimoja."

"Basi ngoja nimwambie mwenyewe."

Simu ile ilisikika, maana uani kwa Fundi hakuna simu ya siri.

"Chumba kimoja, mama?"

"Kimoja kikubwa, cha juu, kina upepo."

"Ulisema viwili. Ulisema utafunga njia."

"Nilisema. Sasa nimeona sitaweza."

"Hutaweza au hutaki? Kiwanja si chako? Umekinunua kwa sindano yako. Hao wapita njia wamekuzalia mjukuu gani?"

Fundi alikuwa ameushika mkono wa cherehani kama mtu anayeshika kitasa.

"Unajua shuleni walikuwa wananiitaje?" binti akauliza.

"Najua."

"Hujui, mama."

"Mtoto wa njiani. Nilikuwa nakusikia ukilia bafuni. Ulikwenda kulilia bafuni kwa sababu ndiko kulikokuwa na mlango."

Timazi akaokota tofali moja, akaanza kuligeuzageuza.

"Safari hii," mama akaendelea, "nakujengea mlango ambao hapiti mtu. Juu hakuna anayepita. Nguo yangu hujawahi kuikataa kabla hujaivaa. Njoo uone kwanza, ndipo ukatae."

"Nitakuja kuona," binti akasema. "Lakini nikikataa, nimekataa. Tutatafuta mbali zaidi, huko wanakoanza kukata viwanja sasa. Na usinibembeleze."

"Sikubembelezi."

Akakata simu, akamgeukia Timazi ambaye alikuwa anajifanya anakagua tofali. "Umesikia. Chimba."

Siku ya kumwaga zege kilima kilishuka kama kawaida yake, na kikakuta mchanga, kokoto na maji vimepangwa tangu juu ya njia mpaka chini. "Hodi Fundi," watu wakasema. Fundi alikuwa amesimama, kitu ambacho wengine hatukuwahi kukiona saa zile. "Pita na ndoo," akajibu. Basi kila aliyepita akapita na ndoo. Wenye suti walikunja mikono. Walimu walibeba na wanafunzi wao, wakapimana nani amemwaga njiani. Beseni alileta ndoo mpya kutoka kwenye bidhaa zake, akasimama akizilinda zisikwaruzwe, na jioni akazihesabu mara mbili huku akidai anazisifu tu. Timazi, juu ya mbao, alipiga kelele tangu asubuhi mpaka koo likafa. Bado hatujui ni lini tena atapata vibarua wengi vile wa kuwatukana bure.

Baada ya hapo tulipita kwa kuinama. Mirunda ya kushikilia zege ilijaa njiani kama msitu, na Timazi hakuruhusu mtu auguse hata mmoja. Asubuhi na jioni Fundi alipanda kulimwagilia zege maji, sketi amekunja kiunoni, na matone yakatudondokea shingoni. Hatukulalamika. Mirunda ilipotolewa, babu mwenye fimbo alisimama katikati ya njia mpya, akanyoosha mikono pande zote mbili, hakugusa kitu. "Nitapita vizuri," akasema, akaenda zake.

Binti alikuja Jumamosi, mawingu ya mvua yakiwa yameshaanza kukaa upande wa kilima. Mumewe alibaki chini na mtoto wao mdogo, kwa sababu aliambiwa abaki. Kuta za juu zilikuwa zimefika usawa wa kifua. Timazi alikuwa amepigilia ngazi ya muda, ya mbao pana, akaijaribu mwenyewe mara kadhaa. Binti akapanda polepole, mkono mmoja kiunoni, mama yake nyuma amenyoosha mikono bila kumgusa, kama anayebeba tenga la mayai lisiloonekana.

Juu, alizunguka ukuta kwa ukuta. Kulikuwa na harufu ya saruji mbichi. Kutoka pale mji ulionekana wote: majengo marefu kule walikotoka, na kati yake na hapa mapaa na mapaa, ya rangi zote za bati na kutu, bila mahali pa kupitisha kidole. Upande wa pili, nyuma ya kilima ambacho zamani ndicho kilichokuwa mwisho, kulikuwa na mapaa mengine, mapya, yanang'aa, na nyuma yake ardhi nyekundu iliyochimbwa jana.

"Huko ndiko tungekwenda," binti akasema.

"Huko ndiko," mama akakubali. "Baada ya miaka michache watakuwa wanapita na huko pia."

Binti akageuza uso, midomo ikataka kucheka, akaizuia. "Nilisema usinibembeleze."

"Naeleza tu hali ya hewa."

Chini yao sauti ikasema, "Hodi Fundi!"

"Pita!" mama akajibu kwa mazoea, kutoka juu, na miguu ikapita chini, pa, pa, pa, ikaendelea. Yule mtu hakuinua macho. Akaja mwingine, kisha kundi la wanafunzi wakisukumana, kisha mama mwenye mtoto mgongoni. Binti akasogea ukingoni, akasimama kwenye kivuli cha ukuta, akawatazama mmoja mmoja. Aliona vichwa, misuko, mabega, mizigo. Hakuna aliyemwona. Alikaa pale muda mrefu, akajishika tumbo kwa mikono yote miwili.

Kisha akamwita mjomba wake.

"Mjomba, ngazi ya kudumu utaiweka wapi?"

"Hapa nje, inashukia njiani. Ndiyo rahisi."

"Hapana."

"Hapana vipi? Nimeshaacha nafasi."

"Ikishukia njiani, mtu yeyote atapanda. Ataniomba kiberiti, ataniuliza mama yuko wapi, atakaa hapo chini kufunga kamba za viatu. Nataka ngazi ishukie ndani kwa mama. Anayetaka kuja kwangu apite kwanza mlango wa mama, agongee humo."

Timazi akaweka mwiko chini. "Unajua humo ni wapi? Upande huu wa ukuta ni chumba cha kulala cha mama yako. Nitafungua bati. Nitainua ukuta. Ngazi itakula nusu ya chumba, kitanda chake kitatokea sebuleni. Na mvua hiyo," akanyoosha mkono kilimani, "unaiona mwenyewe."

Binti alimtazama mama yake. Alikuwa ameomba jambo kubwa na alilijua, na safari hii hakuangalia chini.

"Ikiwa hivyo utakuja?" mama akauliza.

"Ikiwa hivyo nitakuja. Na chumba kimoja kitatosha."

"Na yule wa tumboni?"

"Na yeye. Akizaliwa hapa atakuwa wa juu."

Fundi akavuta pumzi, akalitazama bati lake la kijani, lililomfunika tangu siku za kimya.

"Timazi," akasema, "una nyundo ya misumari?"

"Ninayo, dada, lakini hebu fikiri, leo ni..."

"Fungua."

"Hata godoro hujalitoa!"

"Basi nipe dakika nitoe shuka." Akaanza kushuka ngazi ya mbao, kinyumenyume, mguu baada ya mguu, huku akimwita mkwewe kwa sauti iliyofika mpaka kituoni: "Wewe baba, acha kusimama hapo kama nguzo, nikabidhi mtoto mimi bibi yake, uje ushike kitanda upande mmoja!"